Seti ya giaboksi ya gia tano kwa MGB: inalifaa gari la Mombasa, ila kagua nyumba ya klachi kwanza

Kama MGB yako, gari la michezo la Kiingereza la kampuni ya MG, ina ovadraivu ya Laycock (kifaa cha nyuma ya giaboksi kinachopunguza mizunguko ya injini) na bado inashika vizuri, pesa zako ziache zilipo. Ovadraivu ya aina ya LH hupunguza mizunguko kwa uwiano wa 0.82, na gia ya tano ya giaboksi ya Mazda MX-5 ni 0.814. Tofauti hiyo hutaisikia kwa sikio wala hutaiona kwenye petroli. Seti inayopimwa hapa, ya kufunga giaboksi hiyo ya Mazda kwenye MGB, ni ya mwenye gari la gia nne tupu, au yule ambaye ovadraivu yake imekufa na giaboksi yenyewe imeanza kulia, na bado anataka kufika Malindi au Voi bila injini kupiga mayowe njia nzima.

Hesabu yake ni hii. MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1798, na difu yake ni 3.909. Kwenye gia ya nne, kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika ni takriban kilomita 29 kwa saa. Ukienda 100, mshale wa mizunguko husimama karibu na 3,450. Gia ya tano ya Mazda huushusha hadi 2,800 hivi kwa kasi ileile. Injini hii hutoa mvuto wake mkubwa, takriban niutonimita 149, kwenye mizunguko 3,000, kwa hiyo gia ya tano inakukuta pale pale injini ilipo na nguvu. Uwiano wa 0.81 ndio unaoifaa. Ungeshuka hadi 0.75 ungebaki na gia isiyo na pumzi kila kaskazi inapokupiga usoni ukielekea Malindi. Mjini gia hiyo haina kazi: kwa kilomita 60 ni mizunguko 1,700 tu, na ukikanyaga mafuta hapo gari zima litatetema. Nyuma ya malori kwenye mlima wa Mazeras rudi ya nne au ya tatu mapema.

Watu wengi huuliza bei ya giaboksi, nayo ndiyo sehemu rahisi ya jambo hili. Unacholipia hasa ni nyumba ya klachi, yaani lile kengele la aloi linaloiunganisha injini ya MG na giaboksi isiyoijua. Kwenye MGB nyumba hiyo na giaboksi ni kipande kimoja, kwa hiyo hakuna cha zamani cha kutumia tena. Seti kamili iwe na nyumba hiyo, pleti ya klachi yenye meno ya shafti ya Mazda, bushi ya nyuma ya krenki, relisi beringi (ya kuachia klachi), krosimemba au bano la kushikia mkia wa giaboksi, propela shafti iliyopimwa na kubalansiwa, kebo ya spidomita, na bolti zake zote. Seti inayokupa nyumba ya klachi peke yake na kukuambia mengine utajaziliza kwa fundi wa lethi huonekana nafuu hadi utakapoanza kuyatafuta. Karakana za Mombasa zina mafundi hodari wa kuchonga na kuchomelea, lakini kazi ya kubahatisha vipimo hugharimu mara mbili: mara ya kwanza kuchonga, mara ya pili kurekebisha.

Mshindani wake ni giaboksi ya Ford ya Type 9, iliyofungwa kwenye Sierra, ambayo nayo ina seti zake za MGB. Uwiano wake kwenye magari ya silinda nne ni 3.65, 1.97, 1.37, 1.00 na 0.82. Ya Mazda ni 3.136, 1.888, 1.330, 1.00 na 0.814. Gia nne za asili za MGB, zile zenye sinkro (pete za shaba zinazolainisha ubadilishaji wa gia) kote, ni 3.44, 2.17, 1.38 na 1.00. Angalia nafasi kati ya ya kwanza na ya pili. Kwa Ford, ukibadilisha, mizunguko huanguka karibu nusu, hivyo injini hujikuta chini kabisa na gari husitasita kila unapoondoka kwenye mzunguko wa barabara. Kwa Mazda huanguka asilimia 40, karibu na asilimia 37 ya asili. Kwa mwendo wa kawaida Mazda ni bora, na wala si kwa tofauti ndogo.

Ila kuna mahali Ford inashinda, nako ni Likoni. Gia ya kwanza ya Mazda ni ndefu kuliko ya asili kwa karibu asilimia 9. Kupanda kutoka kwenye feri ukiwa na abiria na mizigo, maji yakiwa yamekupwa na mteremko umesimama, kunataka klachi iteleze zaidi kabla gari halijashika. Foleni ikisogea hatua moja moja, harufu ya klachi inakuja upesi. Anayevuka Likoni kila siku aifikirie Ford, au azoee kusubiri nafasi itoke mbele yake ndipo apande kwa mkupuo mmoja. Anayekaa Nyali, Bamburi au Mtwapa hahitaji kuhangaika na hili.

Kuna na suala la kupata giaboksi yenyewe. Ya Ford itabidi itoke Uingereza ikiwa imeshafanyiwa ukarabati. Ya Mazda hutoka Japani, ambako gari hili liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster kuanzia 1989. Kwa wauzaji wa spea kuukuu ulizia jina hilo, maana wengine ukiwatajia MX-5 watakwambia hawana hali ipo kwenye kontena. Chukua ya miaka ya kabla ya 1998, yenye spidomita ya kebo. Zilizofuata hutumia sensa ya umeme na zitakulazimisha kubadili spidomita ya asili, ya Smiths, jambo linaloharibu dashibodi nzuri bila sababu. Usishawishike na giaboksi ya gia sita ya Roadster za baadaye: gia yake ya sita ni 0.843, yaani inazungusha injini zaidi kuliko hii ya tano, na nyumba ya klachi ya gia tano haiikubali.

Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi hapo hapo dukani. Tia gia ya nne, zungusha shafti ya mbele mara moja: ya nyuma nayo izunguke mara moja kamili. Tia ya tano, zungusha ya nyuma mara kumi: ya mbele izunguke kidogo zaidi ya mara nane. Ukipata hesabu nyingine umeuziwa giaboksi nyingine. Tikisa shafti ya mbele juu na chini. Mchezo mdogo ni wa kawaida, mchezo wa kugonga ni beringi. Fungua bolti ya kumwagia oili. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku si kitu, lakini vipande vya shaba ni sinkro zinazokatika, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Mkia wa giaboksi hii hauna mahali pa kawaida pa mountingi, kwa sababu kwenye Roadster hushikwa na fremu inayoiunganisha na difu, basi usiikatae kwa kudhani imekatwa.

Unapoagiza seti, herufi za mwanzo za namba ya injini ni muhimu kuliko mwaka wa gari. 18G na 18GA ni injini za krenki ya beringi tatu, za hadi 1964, na hazina oili sili ya kawaida nyuma. 18GB ina beringi tano lakini flaiwili, pleti ya nyuma na stata vyake ni vya zamani. Kuanzia 18GD, mwishoni mwa 1967, stata ilibadilika, pleti ya nyuma ikabadilika, na mgongo wa katikati wa sakafu ukapanuliwa. Magari mengi yaliyobaki hapa yamekwisha kubadilishwa injini, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye bloku, si iliyo kwenye logibuku. Mwenye gari la kabla ya mabadiliko hayo amuulize muuzaji waziwazi kama giaboksi inapita chini ya ule mgongo mwembamba bila kugongwa nyundo.

Kazi yenyewe haifanyiki kutoka chini. MGB hutoa injini na giaboksi pamoja, na fundi anayekuahidi kushusha giaboksi peke yake hajawahi kuifungua. Betri, boneti, rejeta, kabureta, manifoldi, propela shafti, silinda ya chini ya klachi, kebo na liva ya gia kutoka ndani, kisha krosimemba, kisha winchi. Mkia ushuke, pua ipande, karibu digrii 45. Mwaga oili ya giaboksi kwanza, la sivyo itamwagika yote sakafuni inapolala hivyo.

Injini ikiwa nje, badilisha oili sili ya nyuma ya krenki hata kama haivuji. Ni bei ya chakula cha mchana ukilinganisha na kuirudia kazi. Bushi mpya ya shaba iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuigonga mahali pake. Peleka flaiwili ikasawazishwe uso kama ina mikwaruzo au madoa ya buluu. Bolti zake zikazwe kwa niutonimita 54, na za presha pleti kati ya 34 na 41, kwa zamu, mkabala kwa mkabala. Upande wa injini nyuzi ni za UNF, yaani za vipimo vya inchi, upande wa Mazda ni za milimita. Tenga bolti katika vikopo viwili tangu mwanzo. Bolti ya UNF iliyolazimishwa kwenye aloi ya Mazda huingia mizunguko miwili mitatu kwa ukaidi, kisha huondoka na nyuzi zote.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita na ambalo huamua kama giaboksi itaishi. Funga nyumba ya klachi kwenye injini ikiwa tupu, bila giaboksi. Bandika geji ya saa yenye sumaku kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa tundu ambamo giaboksi hukaa. Toa plagi, zungusha krenki taratibu kwa spana, usome kila robo mzunguko. Chukua usomaji mkubwa, toa mdogo, gawanya kwa mbili: hapo ndipo utajua tundu limekaa kando ya kitovu cha krenki kwa kiasi gani. Kisizidi milimita 0.13. Kikizidi, legeza bolti, sogeza, kaza, pima tena, na ukishapata mahali pake piga pini za kuizuia isihame. Geji hiyo haina bei kubwa na karakana nyingi za kuchonga injini wanayo, hata ya kuazima kwa saa moja.

Sababu ya ukali huu ni kwamba shafti ya mbele ya giaboksi inashikwa sehemu mbili, kwenye beringi yake na kwenye bushi ya krenki. Vikiwa haviko mstari mmoja, shafti hupindwa kidogo kila mzunguko. Bushi huliwa ikawa yai, klachi haiachii sawasawa, gia ya kwanza na ya nyuma hukwaruza, beringi huanza kuimba, na mwishowe gia ya nne inaruka yenyewe unapoachia mafuta. Mwenye gari hulaumu giaboksi ya Mazda, huenda akanunua nyingine, nayo ikafa vilevile.

Ukiingiza giaboksi, ibebe kwa uzito wake wote hadi nyuso mbili zikutane kwa mkono. Isining'inie kwa shafti hata kidogo, itapinda pleti. Kama pengo limebaki, usilivute kwa bolti: masikio ya aloi yatapasuka. Toa, panga pleti upya kwa kifaa chenye meno ya Mazda, rudisha. Kabla ya kuipandisha injini garini, pitia gia zote kwa mkono huku mwenzako akizungusha krenki. Kosa lililogundulika sakafuni ni kazi ya dakika chache.

Kwenye klachi, seti huja kwa namna mbili. Nyingine hutumia uma na silinda ya nje kama ya asili, nyingine silinda ya duara inayokaa ndani, ikizunguka shafti. Ya ndani hukanyagika laini, lakini ikivuja injini inatoka tena. Kwa hapa pwani pendekezo ni la nje, bila kusita. Oili ya breki, ambayo ndiyo inayosukuma klachi, hunyonya unyevu, hewa yetu imejaa unyevu, na sili za silinda ndizo za kwanza kulipa. Tumia DOT 4 na uibadilishe kila mwaka. Aliyechagua ya ndani aweke kizuizi chini ya pedali isipite mwendo ambao mtengenezaji ametaja, maana ikisukumwa kupita kiasi sili hutoka kwenye nyumba yake.

Propela shafti ya Mazda huteleza ndani ya mkia wa giaboksi, tofauti na ya MG inayofungwa kwa flanji. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki, isukume hadi mwisho halafu hakikisha inarudi nyuma milimita 20 hadi 25 inapofungwa kwenye difu. Ikiwa haina nafasi hiyo, tuta la kwanza la barabarani litaipigisha giaboksi kwa nyuma. Kisha pima pembe, hata kwa programu ya simu: mwelekeo wa mkia wa giaboksi na wa pua ya difu ulingane, tofauti isizidi digrii 1. Mtetemo unaoanza kilomita 80 na kutulia 110 mara nyingi ni pembe, na dawa yake ni wasa chini ya mountingi ya nyuma. Mtetemo unaozidi kadiri unavyokimbia ni balansi. Krosimemba ya MGB ni kero kuirudisha hata ikiwa ya asili. Ifunge kwanza kwenye giaboksi, ipandishe kwa jeki, shika bolti zote kwa vidole, ndipo ukaze.

Oili. Giaboksi ya asili ya MGB hutumia oili ya injini, 20W-50, na fundi wa MG ataimimina hiyohiyo kwa mazoea. Mzuie. Hii ya Mazda inataka 75W-90 ya daraja la GL-4, lita 2, kupitia tundu la ubavuni hadi ianze kuchuruzika. Maduka mengi yatakupa GL-5, iliyokusudiwa difu. Viungo vyake vya salfa si rafiki wa shaba ya sinkro, kwa hiyo soma lebo mwenyewe. Watu husahau kwamba chini ya liva kuna kikombe chenye oili yake pekee, takriban mililita 90, pamoja na raba mbili na bushi ndogo ya plastiki. Vibadilishe vyote giaboksi ikiwa mezani. Raba ya chini ikiwa imechanika, joto na harufu ya oili vitapanda hadi kitini. Malalamiko ya Ulaya kwamba gia ya pili ya giaboksi hii ni ngumu asubuhi hayatuhusu sana, kwani joto la Mombasa huilainisha oili kabla hujatoka getini.

Giaboksi ina swichi mbili za umeme. Moja ni ya taa ya kurudi nyuma, nyingine ya gia huru ambayo MGB haiihitaji. Zipime kwa mita ili usiunganishe taa kwenye ile isiyo yake, kisha ile ya pili izibe vizuri isiingie maji.

Spidomita haitasema kweli mpaka ipimwe. Kwenye uso wa Smiths kuna namba ndogo, mathalani 1280, yaani mizunguko ya kebo kwa maili moja. Chomoa kebo upande wa spidomita, bandika kipande cha karatasi kwenye waya wa ndani, sukuma gari mita 16.1 kwa mstari ulionyooka, hesabu mizunguko, zidisha kwa 100. Kama dashibodi yako ni ya kilomita, sukuma mita 10 na kuzidisha ni kulekule. Ikilingana na namba ya uso, basi. Isipolingana, kuna visanduku vidogo vya uwiano vya kuunga kwenye kebo, navyo huagizwa kwa kutaja namba hizo mbili.

Chumvi ya bahari isidharauliwe. Bolti za chuma ndani ya aloi hushikana hapa haraka kuliko bara, na siku ya kuzifungua hukatika. Zipake grisi ya kuzuia kushika, na pakaa nta ya kuzuia kutu kwenye nyuso za nje za nyumba ya klachi mahali inapokutana na pleti ya chuma. Baada ya kilomita 500 rudia kukaza krosimemba na flanji ya difu, angalia kiwango cha oili, na uchungulie kitundu cha chini cha nyumba ya klachi. Tone jeusi ni oili ya injini, la rangi ya asali ni la giaboksi.

Kwenye bajeti ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na mpe wakala wako ankara inayoorodhesha kila kipande, maana kasha lililoandikwa "spea za gari" tu hukaa bandarini likila gharama za hifadhi.

Giaboksi ya zamani usiiuze kwa kilo. Hakuna kilichokatwa kwenye gari, kwa hiyo yote yanarudishika, na mnunuzi wa baadaye anaweza kuitaka. Ijaze oili hadi juu, ziba tundu la mkia na la spidomita, paka grisi meno ya shafti ya mbele, ifunge kwa turubai, na uiweke juu ya ubao, mbali na sakafu ya saruji. Ihifadhi pamoja na propela shafti na krosimemba yake, vyote vikiwa na lebo ya namba ya gari.